Kupiga na kusoma picha ya retina kwa mgonjwa wa kisukari na presha: mwongozo kamili kwa kliniki ya wilaya

Mzee amesoma chati mpaka mstari wa 6/6, jicho la kulia na la kushoto, tena kwa majivuno. Anauliza kwa nini bado anakalishwa kwenye kiti cha kamera ilhali mjukuu anamsubiri nje. Picha inatoka, na juu ya diski ya neva ya jicho la kushoto, pale neva ya kuonea inapotokea nyuma ya jicho, kuna kishada cha mishipa mipya, myembamba kama utando wa buibui. Jicho hilo leo linaona vizuri. Mishipa ile ikivuja, laweza kujaa damu kati ya kulala na kuamka.

Mzee wa namna hiyo ndiye jibu langu kila ninapoulizwa ya nini kumpiga picha mtu anayeona. Kisukari hula retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kimya kimya, hakiumi, na mgonjwa anapoanza kulalamika mara nyingi tumeshachelewa.

Mwongozo huu ni kwa muuguzi, tabibu au mpima macho mwenye kamera ya mezani ya nyuzi 45, au simu na lenzi ya mkononi. Kisukari na presha vitachukua nafasi kubwa kwa sababu ndivyo vinavyojaza mabenchi yetu. Selimundu, VVU na malaria nitavigusa pale vinapobadilisha namna ya kupiga au kusoma picha. Nitakayosema mara kwa mara ni kwamba picha nyingi huharibika kabla kidole hakijagusa kitufe.

Nani apigwe picha, na lini

Mwenye kisukari cha aina ya pili apigwe mara tu anapogunduliwa, maana sukari huwa imekaa mwilini miaka kadhaa bila kujulikana. Mwenye aina ya kwanza, ndani ya miaka mitano tangu ugonjwa uanze. Baada ya hapo ni kila mwaka. Mama aliyekuwa na kisukari kabla ya kubeba mimba aonwe ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa ujauzito unaweza kuukimbiza ugonjwa wa retina. Kisukari kilichozuka katikati ya mimba hakihitaji haraka hiyo.

Mgonjwa wa presha iliyotulia, asiye na kisukari na asiye na shida ya kuona, mimi simpangi kwenye foleni hii. Lakini aliyeingia na 180/120 au zaidi, kichwa kinagonga na macho yana ukungu, huyo picha yake ni ya leo, tena dawa za presha zisisubiri kamera.

Hatua ya kwanza: kabla ya matone

Kuna mambo matatu ambayo matone ya kutanua mboni yakishaingia huwezi kuyapata tena siku hiyo.

Pima uoni kwanza. Chati iwe mita 6, kila jicho peke yake, na miwani ya mbali kama anayo. Asipofika 6/12, mwekee kitundu cha pini. Akiona vizuri zaidi kupitia kitundu, huenda anahitaji miwani tu. Asipopata nafuu, fikiria mtoto wa jicho, retina au neva. Andika namba, usiandike "anaona vizuri".

Pili, tazama mboni zenyewe kwa tochi. Hamisha mwanga kutoka jicho moja hadi jingine, ukikaa sekunde mbili tatu kila upande. Mboni inayotanuka pale mwanga unapoifikia, badala ya kusinyaa, inaashiria neva au retina ya upande huo imeumia sana. Ukishatia matone, dalili hiyo imekwenda.

Tatu, weka tochi pembeni ya jicho, upande wa sikio, mwanga ukikata usawa wa uso kuelekea pua. Iris, ile duara yenye rangi inayozunguka mboni, ikiangaza yote, chumba cha mbele kina kina cha kutosha. Nusu ya upande wa pua ikibaki gizani, chumba ni chembamba, na kutanua mboni kunaweza kufunga njia ya maji na kupandisha presha ya macho ghafla. Huyo piga bila matone, au mpeleke kwa daktari wa macho. Usikisie.

Halafu daftari: jina, namba ya jalada, aina ya kisukari na miaka aliyoishi nacho, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi) au sukari ya mwisho, presha ya siku hiyo. Wapo wanaoona haya ni kupoteza muda. Atakayesoma picha akiwa mkoa mwingine hatamwona mgonjwa, atayaona maandishi yako tu.

Hatua ya pili: matone

Tropikamidi ya 1%, tone moja kila jicho, ndani ya kope la chini. Mwambie afumbe na abonyeze kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja, ili dawa isishuke kooni na kumwachia uchungu. Subiri dakika 20. Iris nyeusi, yaani za wengi wetu, huchelewa kutanuka, na mara nyingi utarudia tone la pili baada ya dakika 15. Mwenye kisukari cha muda mrefu mboni zake huwa ngumu zaidi. Usimwite kitini kwa sababu foleni ni ndefu. Mwite kwa sababu mboni imefunguka.

Fenilefrini huongezwa pale tropikamidi inaposhindwa, lakini ni ile ya 2.5%. Ya 10% isimguse mgonjwa wa presha wala wa moyo.

Kabla ya tone la kwanza, sema wazi: "Mama, kwa saa nne mpaka sita utaona ukungu wa karibu na jua litakuchoma macho. Usiendeshe chombo, hata pikipiki. Ukirudi nyumbani jicho likauma, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa au ukatapika, rudi usiku huo huo, usingoje asubuhi." Dereva wa bodaboda anayejua mapema atakuja na mwenzake. Asiyejua ataondoka akiendesha, na akipata ajali lawama ni zako.

Wako wanaosema kamera zao hazihitaji matone. Ni kweli, nyingi hufanya kazi kwa mboni ya milimita 4 katika chumba chenye giza. Lakini jaribu kwa mzee wa miaka 65 mwenye mtoto wa jicho unaoanza. Tena mwako wa jicho la kwanza husinyaza mboni zote mbili, na picha ya jicho la pili hutoka nyeusi kuliko ya kwanza. Kama huna budi kupiga bila matone, mpumzishe dakika kadhaa gizani kati ya macho.

Hatua ya tatu: chumba na kiti

Giza. Pazia zito, na kama halipo, kanga mbili dirishani zinatosha. Futa sehemu ya kidevu na ya paji kwa spiriti mbele ya macho ya mgonjwa, aone.

Rekebisha kiti mpaka mgonjwa akae bila kujinyonga shingo. Kidevu kiguse, paji la uso liguse, na kona ya nje ya jicho ilingane na alama iliyochorwa kwenye nguzo. Paji likiachia hata kidogo, umbali umebadilika na utaanza kuilaumu kamera. Bibi mwenye mgongo uliopinda mwinulie meza, usimwinamishe yeye.

Hatua ya nne: kupiga

Anza na jicho la kulia daima, kila mgonjwa, kila siku. Ni mazoea tu, lakini ndiyo yatakayokuokoa siku jina la faili likikosewa.

Leta kamera taratibu mpaka mboni iwe katikati ya kioo, kisha sogeza mbele mpaka vitone viwili vya mwanga vya kukusaidia umbali vionekane vikali. Mwambie atazame taa ndogo ya ndani bila kuhama. Mwambie apepese mara mbili, afumbue sana, kisha bonyeza. Machozi ya kupepesa ndiyo yanayolainisha konea, kioo cha mbele cha jicho, na picha inayopigwa kwenye konea kavu huwa kama imepigwa kupitia kioo chenye vumbi. Kope likishuka, liinue kwa kijiti cha pamba bila kubonyeza jicho.

Kila jicho linataka picha mbili: moja makula, sehemu ya retina yenye uoni mkali zaidi, ikiwa katikati, nyingine diski ya neva ikiwa katikati. Ya kwanza inatetea uoni wa kusoma, ya pili inakamata mishipa mipya inayopenda kuota kwenye diski. Ukungu ukigoma kuondoka, piga ya tatu ya mbele ya jicho, ukionyesha mboni yenyewe. Picha hiyo itamwambia msomaji kwamba tatizo ni mtoto wa jicho wala siyo wewe.

Kwa simu na lenzi ya dayopta 20 mambo ni mengine. Shika lenzi kama sentimita 5 mbele ya jicho, vidole viwili vikiegemea paji la mgonjwa, simu ikiwa mbali kiasi cha mkono uliokunjwa, taa yake ikiwa imepunguzwa makali. Rekodi video badala ya picha, kisha chagua fremu nzuri baadaye. Taswira itakuwa imepinduka, juu chini na kushoto kulia, kwa hiyo andika mara moja kwamba ni ya lenzi. Uwanja unaouona kwa wakati mmoja ni mdogo pia, na mikono huchoka. Kwa kliniki ya kuhamahama ni msaada mkubwa. Kwa kliniki yenye wagonjwa 40 kwa siku, tafuta kamera ya mezani.

Hatua ya tano: picha hii inafaa?

Amua mgonjwa akiwa bado kitini. Tazama mishipa midogo inayozunguka kitovu cha makula, ndani ya upana wa diski moja. Ukiifuata mpaka inapopotea, picha inafaa. Ukiona mishipa mikubwa tu, rudia.

Ukungu wa samawati unaozunguka ukingo wote maana yake umekaribia mno au umekwenda mbali mno. Mwezi mwandamo wa rangi ya chungwa upande mmoja ni iris imeingia njiani, sogeza kamera upande wa pili. Giza kila mahali ni mboni ndogo. Mistari inayong'aa ukingoni ni nywele za kope.

Na hili la vumbi limewapa wagonjwa wengi rufaa za bure. Doa la kweli liko kwenye retina, kwa hiyo kati ya picha ya makula na picha ya diski litahama pamoja na mishipa. Doa lililokaa pale pale kwenye fremu, jicho la kulia, la kushoto na kwa mgonjwa anayefuata, liko kwenye lenzi yako. Ifute kwa karatasi ya lenzi, usitumie shati.

Hatua ya sita: kusoma

Anza na picha ya rangi, kisha bonyeza kitufe cha kuondoa wekundu. Kwa mwanga wa kijani damu huonekana nyeusi, na vitone ulivyovipita mara ya kwanza vitajitokeza vyenyewe. Nenda kwa mpangilio usiobadilika: diski, mishipa mikubwa ikitoka juu na chini, makula, kisha kingo.

Kwenye kisukari utakutana kwanza na vitone vyekundu vidogo, ambavyo ni vijivimbe vya kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu. Vikiwa peke yake ugonjwa ni mwepesi. Damu yenye umbo la doa inapoongezeka, anza kuhesabu kwa robo, ukigawa retina sehemu nne. Ugonjwa ni mkali, ingawa mishipa mipya haijaota, ukikuta mojawapo ya haya: damu zaidi ya 20 katika kila robo ya zote nne, au vena (mishipa inayorudisha damu) zenye mafundo kama tasbihi katika robo mbili, au mishipa iliyojisokota ndani ya retina katika robo moja. Nne, mbili, moja. Kanuni hiyo ibandike ukutani.

Mishipa mipya, au damu iliyotuama mbele ya retina kama mashua, imevuka mpaka mwingine. Hapo leza au sindano ya ndani ya jicho ndiyo kazi inayosubiri. Utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba leza ya kutawanya inapunguza upotevu mkubwa wa uoni kwa zaidi ya nusu. Leza haitoi uoni mpya, inalinda uliopo, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajapanda basi.

Madoa ya njano yenye kingo kali ni mafuta yaliyovuja. Yakiwa mbali na kitovu, yaandike. Yakiwa ndani ya upana wa diski moja kutoka kitovu, fikiria makula imevimba maji hata kama anasoma 6/9.

Presha ina sura yake. Ateri, mishipa inayoleta damu, huwa nyembamba, na pale zinapovuka juu ya vena huzibana kana kwamba vena imekatika. Damu hulala kama ndimi za moto kwa kuwa inafuata nyuzi za neva, na madoa ya pamba, meupe yenye kingo laini, hutokea pale nyuzi hizo zilipokosa damu. Mafuta yanaweza kujipanga kama nyota kuzunguka makula. Diski ya macho yote mawili ikiwa imevimba, kingo zimepotea, acha kila kitu na upime presha tena. Ikiwa juu mno, huyo ni wa dharura, alazwe. Ikiwa ya kawaida, wasiwasi unahamia kwenye shinikizo ndani ya fuvu, uvimbe wa ubongo au homa ya uti wa mgongo ya fangasi wa kriptokokasi ikiwemo, na safari ni ile ile ya hospitali.

Madoa ya pamba kwa kijana asiye na kisukari wala presha yakufanye upendekeze kipimo cha VVU. Kinga ikishuka sana, CD4 (hesabu ya seli za kinga) chini ya 50, virusi vya sitomegalo hula retina kwa mabaka meupe yaliyochanganyika na damu, yakitembea kandokando ya mishipa. Hilo halisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Selimundu inahitaji onyo. Mishipa yake mipya, yenye umbo la kipepeo cha mkono, huota pembezoni kabisa, hasa upande wa sikio, na picha ya nyuzi 45 haifiki huko. Nimeona picha safi kabisa ya kijana ambaye wiki mbili baadaye alitokwa damu ndani ya jicho. Kwa selimundu, picha safi ya katikati isiandikwe "retina nzima iko sawa". Andika "katikati iko sawa, pembezoni haijaonekana", kisha mwelekeze kwa daktari wa macho atakayetazama mpaka kingoni. Katika aina za selimundu zinazorithiwa, wenye SC ndio hupata madhara haya ya retina zaidi, ingawa mwilini huonekana wazima kuliko wenye SS.

Mtoto aliyezimia kwa malaria hakai kwenye kiti cha kamera, lakini retina yake ina habari. Watafiti wa Blantyre, Malawi, walieleza weupe wa mabaka kwenye retina, mishipa iliyogeuka rangi ya chungwa au nyeupe, na damu yenye kitovu cheupe. Walipochunguza maiti za watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo, katika ripoti ya 2004, 7 walikutwa wamekufa kwa sababu nyingine. Dalili za retina ndizo zilizotofautisha vizuri zaidi. Kwa hiyo tabibu wa wodi ya watoto anayejua kushika oftalmoskopi, kifaa cha mkononi cha kutazamia ndani ya jicho, si mtu wa kupuuzwa.

Picha ya kawaida inapofika mwisho

Picha ya rangi ni bapa. Haionyeshi unene. Makula ikishukiwa kuvimba, inahitajika skani ya OCT, inayokata retina kwa mwanga na kuonyesha tabaka zake kama mkate uliokatwa vipande. Haina rangi ya kuchoma wala sindano, na ndiyo inayoongoza matibabu ya sindano leo.

Anjiografia ya fluoresini, iliyoanza Marekani mwaka 1961, ni kumchoma mgonjwa dawa ya njano mkononi na kupiga picha mfululizo inapopita kwenye mishipa ya retina. Mgonjwa aelezwe kwamba ngozi itakuwa ya manjano kidogo, mkojo utakuwa wa rangi kali kwa siku nzima, na kichefuchefu ni cha kawaida. Mara chache mzio huwa mkali, kwa hiyo sinia la dharura liwe mezani. Kama halipo, kipimo kisifanyike.

Damu ikiziba kila kitu na hakuna kamera inayopenya, ultrasaundi juu ya kope lililofumbwa itasema kama retina imebanduka. Na macho yanayotokeza kwa ugonjwa wa tezi ya shingo hayahitaji picha ya retina kwanza. Yanahitaji CT au MRI ya tundu la jicho, ambapo misuli huonekana imenenepa katikati huku kano zake zikibaki nyembamba. Ukiandika ombi la CT, taja tezi, kwa sababu dawa ya picha ina aidini nyingi na inaweza kuivuruga.

Kuhusu programu za kompyuta zinazosoma picha: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha ya kwanza inayotoa majibu ya kisukari cha macho bila daktari, na Rwanda wamejaribu usomaji wa namna hiyo kwenye kliniki za kisukari. Sizikatai. Lakini zinajibu swali zililofundishwa tu. Zile za kisukari zinaweza kumpitisha mwenye diski iliyovimba bila kusema neno.

Hatua ya saba: majibu, jalada na rufaa

Jina la faili liwe na namba ya jalada, tarehe, na K kwa kulia au S kwa kushoto. Usitume picha yenye jina la mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp, hata la wataalamu. Hifadhi nakala mahali pawili.

Muda wa kufuatilia ni huu. Hakuna ugonjwa, au vitone vichache tu: mwaka mmoja. Wa kati, yaani umezidi vitone lakini haujatimiza kanuni ya nne, mbili, moja: miezi 6 mpaka 12. Mkali: aonwe na daktari wa retina ndani ya miezi 3. Mishipa mipya, au makula iliyovimba katikati: ndani ya mwezi mmoja, na mimi huandika wiki mbili kwa kuwa najua nauli hutafutwa kwanza. Picha isiyosomeka hata baada ya matone nayo ni rufaa, isiandikwe "kawaida".

Mpe jibu siku hiyo hiyo, kwa kioo cha kamera, ukimwonyesha doa lake mwenyewe. "Mzee, huu wekundu ni damu iliyovuja. Huioni wewe, mimi naiona." Barua ya rufaa itaje hospitali, siku ya kliniki ya retina na gharama ya takriban. Piga simu kwanza ujue mashine ya leza inafanya kazi wiki hiyo; nimeshapeleka mtu akalala njiani siku mbili akakuta imefungwa kwa matengenezo.

Kisha weka daftari la pili, lenye majina ya waliopewa rufaa tu na namba za simu, za kwao na za ndugu. Kila Ijumaa mchana, kabla ya kufunga, piga kwa wale ambao tarehe zao zimepita. Swali la kwanza lisiwe kwa nini hukwenda. Uliza: "Ulifika? Walikwambiaje?"